Kila Aliyepanda Alishusha Kreti

Tangazo la Kusitishwa kwa Muda kwa Matumizi ya Kiwanja, Kupisha Ufuaji wa Soksi ya Kuonyesha Mwelekeo wa Upepo. Ndivyo kilivyosomeka kichwa cha karatasi ile waliyoibandika mlangoni pa ofisi ya kiwanja cha ndege, wanangu, nami nimekihifadhi kama mtu anavyohifadhi jina la aliyemwibia ng'ombe. Soksi ilishushwa mlingotini, ikakunjwa, ikapelekwa kufuliwa, na mpaka leo haijakauka. Ule "muda" wao bado haujaisha. Mama yenu ameuacha, mimi nauacha, na kwa ninavyoijua serikali, ninyi nanyi mtauacha.

Nimeanza na hilo ili mcheke kidogo kabla sijafika panaponiuma. Na pia kwa sababu watu wa mji huu, mkiwauliza nani aliyeuua mji wetu, watawaonyesha mlingoti mtupu na kuwaambia ni soksi. Si soksi. Sikilizeni taratibu, maana sina pumzi ya kurudia.

Wewe mkubwa, binti yangu, sogea uandike, na usinipambie maneno; nikikohoa, usiandike kikohozi. Na wewe wa kati, acha kuchungulia simu kila mara. Najua unachokitafuta humo. Mdogo wenu ametua jiji kuu, amesema atapanda basi, tumesikia. Amevuka bahari kwa usiku mmoja, tena amelala, na sasa kutoka jiji kuu hadi kwenye kitanda hiki safari itamchukua muda mrefu kuliko ule wa bahari, kwa kuwa mvua imekula daraja na mabasi yanazunguka nyuma ya milima. Zamani safari hiyo ilikuwa ya kumalizia peremende: rubani aliwagawia abiria peremende wakati wa kupaa, na wengi walitua wakiwa bado wanaimumunya. Leo pumzi yangu inashindana na basi lake, na mimi nimewahi kuyapanda mabasi hayo. Kwa hiyo nasema sasa, bila yeye. Lakini karibu yote nitakayosema ni kwa ajili yake na yako, mkubwa, kwa sababu ninyi wawili hamjasemezana tangu tumzike mama yenu, na mimi sitaki kufa nikiacha nyumba moja yenye milango miwili.

La mali ni fupi, liandikwe kwanza tulimalize. Nyumba hii ni ya wote watatu. Isiuzwe, na asije mtu na mafundi akajenga ukuta katikati. Shamba la mteremkoni ni la mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyelilima sisi wengine tulipokuwa tunaangalia juu. Kipande kilichopakana na kiwanja ni chako wewe wa kati, na nitakuambia masharti yake. Mdogo wenu nampa chumba cha mbele, chenye dirisha, kiwe chake hata akikaa miaka asikilale. Kuku ni wa jirani. Walihamia kwetu wenyewe, warudishwe kwa adabu.

Sasa mizani ya kiwanjani. Ninyi mlizaliwa mkaikuta, kwa hiyo hamjui ilivyokuwa ajabu. Kabla ya kiwanja, mji huu ulikuwa njia panda, duka moja, na vijana waliokaa barazani mwa duka hilo mpaka ukuta ukapata mng'aro wa migongo yao. Kisha wakaja watu wa kampuni ya kununua maharagwe machanga, yale ya kijani, membamba. Wakasema huku kwetu ni baridi na maji hayakauki, na kwamba ng'ambo kuna watu wanaokula maharagwe kabla hayajakomaa. Tuliwahurumia watu wasio na subira kiasi hicho, tukawapandia. Serikali ikasawazisha uwanda, ikasimamisha mlingoti, ikamleta afisa mwenye mihuri mingi kuliko ndege, na ndege ndogo ikaanza kuja asubuhi kuchukua kreti. Jioni kreti hizo zilikuwa jiji kuu, usiku zilikuwa ndani ya ndege kubwa, na kesho yake jasho la mama yenu lilikuwa mezani kwa mtu asiyejua kama kuna njia panda duniani.

Mimi nilipewa mizani. Nilipima kila kilichopanda, kreti na binadamu, juu ya bamba lilelile, maana ndege ndogo haijui mtu wala haragwe, inajua uzito. Wanaume walitoa sarafu mifukoni kana kwamba ndizo zinazowazidishia. Wanawake walibana pumzi. Mke wa mkuu wa mji alinikataza kabisa nisitamke uzito wake kwa sauti, ikawa namnong'oneza rubani, na siri hiyo, wanangu, naizika nayo, msiniulize.

Ndege ilikuwa moja, lakini ilishika mikono mingi. Seremala aliyekuwa akitengeneza majeneza tu alipata kazi ya kreti, akawa anacheka hata mchana. Wanawake waliingia banda la kufungashia wakiwa wamevaa aproni nyeupe, na aproni zilishonwa na fundi cherehani ambaye kabla yake alikuwa mtu wa viraka. Mwenye barafu alitajirika kwa kuuza maji yaliyolala. Muuguzi alikuja na chanjo ndani ya boksi la baridi, akakuta watoto badala ya makaburi. Wale vijana wa barazani waliondoka ukutani, na wewe wa kati ukaingia kwenye upakiaji ukiwa huna hata ndevu. Alikuwapo na yule mkaguzi wa kampuni tuliyemwita Bwana Ubora, aliyekuwa akiliinua haragwe moja mbele ya jua, akifumba jicho moja kama sonara, kisha anasema limepinda. Haragwe lililopinda halipandi ndege. Mama yenu alimwambia siku moja kwamba hata yeye mwenyewe amepinda na bado mkewe amemkubali, na Bwana Ubora akaandika kwenye daftari lake kwamba mkulima huyu ana maneno. Lakini alinunua.

Mkae mkijua hivyo, kwamba sisemi kama adui wa ndege. Iliwasomesha. Iliezeka paa hili mnaloliona.

Kilichotuharibia ni kwamba tuliipenda kupita kiasi. Mwanzoni abiria alikuwa mmoja mmoja, mgonjwa, mwalimu anayeitwa wizarani. Baadaye kila mwenye senti akataka kupanda. Huyu anakwenda jiji kuu kununua viatu, huyu kupiga picha, yule bwana harusi alikwenda na kurudi siku hiyohiyo ili tu aonekane akishuka ngazi. Na nauli ya mtu ilimlipa mwenye ndege kuliko kreti, kwa hiyo akafunga viti. Lakini mabawa hayakuongezeka. Kila aliyepanda alishusha kreti. Mtu mwembamba alishusha tatu, mtu mwenye nafasi yake mjini alishusha hadi sita, na kreti zilizoshushwa zilibaki kivulini kwenye ukuta wa banda, zikageuka manjano. Sote tuliliona. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kubaki chini. Wenye mashamba walianza kuyageuza viwanja wajenge nyumba za wageni, wakisema mgeni njoo mwenyeji apone, na kweli nyumba zilijengwa, nzuri, zenye vitanda na mashuka, zikingoja wageni waliokuja kununua maharagwe ambayo hayakulimwa tena.

Na vijana walipanda pia, na hao hawakununua tiketi ya kurudi.

Sasa andika hapa bila kuruka, mkubwa. Mdogo wenu alipopata ile kazi ya ng'ambo ya kuwalea wazee wa watu, tulifurahi sote. Siku ya safari ilikuwa pia siku ya mavuno yako, mavuno yako ya kwanza ya peke yako, kwenye kipande nilichokukatia mteremkoni. Kreti zako zilikuwa tayari tangu jana yake, zimefunikwa magunia mabichi. Ungeweza kuwa wa kwanza mizanini. Lakini alikuwa na gauni moja tu la kusafiria, na ulikuwa unalipiga pasi ya mkaa. Kisha ulimsuka nywele, na alipolia ukazifumua ukaanza upya, kwa sababu alisema upande mmoja umeinuka. Ukafika kiwanjani na kreti zako ukiwa wa mwisho, majivu ya pasi yangali mkononi.

Sheria ya kiwanja mliijua: aliyekuja mwisho hushushwa kwanza. Sikuitunga mimi. Nilimpima mwanangu juu ya bamba, na sikuhitaji kumpima, kwa kuwa nilikuwa nimembeba tangu akiwa mzigo wa mkono mmoja. Rubani akasoma, akatikisa kichwa, akasema zishuke nne. Wapakiaji wakazishusha zako, na wewe wa kati ulikuwa mmoja wao, na sijasahau ulivyoziweka chini polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Mdogo wenu alikuwa ameshaketi. Akasimama, akaweka mguu kwenye ngazi, akauliza, "Dada, nishuke?"

Na wewe ukamjibu, "Kaa hapo. Maharagwe yataota tena."

Ndege ikapaa. Bwana Ubora alikuja safari iliyofuata akazikataa zile kreti, na kwa kuwa hukufikisha mzigo ulioahidi, akakufuta kwenye wakulima wake, ndivyo mkataba ulivyosema. Maharagwe ukawapa mbuzi. Hukulalamika. Jioni ile uliosha magunia ukayaanika, na mama yenu akaniambia chumbani, huyu mtoto akinyamaza hivi ujue ameweka akiba.

Yaliota tena? Yaliota. Hayakuwa na pa kwenda. Kampuni ilihesabu kreti zinazoachwa, ikaona heri ihamie mahali ambapo watu hawapendi kusafiri. Ndege ikawa inakuja imejaa bidhaa za jiji kuu na kuondoka na watu wawili na mfuko wa barua. Kisha ikaja mara moja moja. Seremala akarudi kwenye majeneza. Mwenye barafu akazima mashine. Muuguzi alingoja boksi la baridi mpaka akaomba uhamisho. Mwenye ndege alikuwa anatafuta namna ya kutuaga kwa heshima, ndipo mwenye mihuri akamsaidia kwa kuipeleka soksi kufuliwa. Bila soksi ndege hairuhusiwi kutua. Bila ndege soksi haina haraka. Nilipoandika kuuliza, nikajibiwa kwamba jalada la soksi liko kwa mhusika, na mhusika yuko likizo. Kila mwaka yule afisa, tuliyemwita Bwana Kwa Muda, alikuja kukagua kiwanja kilichofungwa, akaandika kwamba hali ya kutotumika inaridhisha. Mwaka mmoja akatuandikia barua kali kwamba mbuzi wetu wanahatarisha usalama wa ndege. Tuliibandika barazani, mbuzi mmoja akaila. Nilicheka sana. Mama yenu hakucheka. Alikuwa ameanza kuumwa.

Nipe maji. Kidogo. Inatosha.

Mama yenu alipofariki tulimpigia mdogo wenu simu, akasema nipo njiani, msizike. Tukangoja. Mnakumbuka joto la siku zile. Tulingoja mpaka wazee wakanishika bega wakasema, bwana, mtu wako anateseka. Tukazika. Akafika udongo ungali mbichi, begi mkononi, viatu vimejaa tope la milimani, na wewe mkubwa ukamkuta hapo mlangoni, mbele ya watu wote, ukamwambia, "Umechelewa."

Hukumtukana. Neno hilo ni la kawaida, hata kondakta husema. Lakini hakumaliza chai. Alirudi na basi lilelile lililomleta, na tangu hapo anaposema nami kwenye simu huuliza hali yako kama anayeuliza hali ya mvua, na wewe humwambia huyu wa kati, mwambie ndugu yako hivi, mwambie ndugu yako vile. Kijana wa watu amegeuka posta.

Mwanangu, najua hukuwa ukisema habari ya mazishi. Ulikuwa ukisema habari ya kreti. Ulimpa nafasi yako kwenye ndege, naye hakujua alichopewa. Alidhani ni maharagwe tu. Hakuna aliyemwambia kwamba ulifutwa. Ulitukataza sisi tusimwambie, ukisema atapata simanzi ugenini. Basi utamhesabia vipi mtu deni ulilomficha? Usifute hilo. Liandike lilivyo. Na machozi yasidondokee karatasi, wino huu ni wa bei nafuu.

Huyo naye amelia kwa namna yake. Amekuwa akiwageuza vitandani wazee wa watu, akiwakata kucha, akiwalisha kwa kijiko, na mama yake mwenyewe hakumpa hata maji. Aliniambia mara moja tu. Alisema, "Baba, huku nasifiwa kwa mikono mizuri." Kisha akakata simu.

Wahenga hawakusema usichelewe. Walisema kawia ufike. Tena wakasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ninyi mmegombana na hakuna aliyelima wala kuvuna, mmekaa tu, kama zile nyumba za wageni.

Wewe wa kati, masharti yako. Wapima ardhi wamekuja na vigingi vyekundu, wakawaambia utajengwa uwanja mkubwa, wenye taa na mkahawa, na wewe umeacha kupalilia kwa kuwa unangoja fidia. Palilia. Kama uwanja unakuja, utakukuta na jembe mkononi, hautakasirika. Na ukija, msiukatae, mimi sikuwafundisha ujinga. Ila katika mikutano yao, watakapokuwa wanasoma hotuba, mmoja wenu asimame aulize: ndege hii itaondoka na nini? Kama jibu ni kitu kilichoota au kutengenezwa hapa, na mkono wa hapa ukakifungasha, wapigieni makofi. Kama jibu ni watoto wetu, waulizeni itawarudisha saa ngapi. Uwanja ni mlango, mwanangu. Mlango haupiki.

Nimechoka. Nigeuzeni upande wa dirisha. Hapo... si sana.

La mazishi. Nilazeni karibu na mama yenu, kushoto kwake. Alikuwa analala kulia na sitaki ugomvi huko. Seremala msimlipe kwa huruma, mlipeni anachostahili. Hotuba iwe moja. Bwana Kwa Muda akija, mpeni kiti.

Na msingoje. Mmenisikia? Nikifa, nizikeni kwa wakati. Msiniache kivulini ukutani, nikigeuka manjano, kwa sababu ya basi. Hili ni langu, nimeliamua mimi, wala si la mkubwa wala la wazee. Andika hivyo, ili asije akamlaumu mtu.

Akifika... mkubwa, nitazame mimi, acha karatasi. Akifika, wewe ndiye utakayetoka kumpokea begi. Mpe maji ya kuoga, ametoka mbali. Mwonyeshe chumba cha mbele. Usimwambie amechelewa. Mwambie baba ndiye... baba ndiye aliyewahi. Mwambie na habari ya kreti, yote, hata ya Bwana Ubora. Mkikaa. Mkishakula.

Mungu awatunze, wanangu. Mkilima, pavunike. Mkiitana, muitikiane. Mkigombana, kuwe kabla ya jua kuzama, mpate kulala. Nimewaridhia nyote watatu, na yule wa njiani... yule nimemridhia mara mbili, kwa kuwa hayupo.

Fungua dirisha. Hapana, hakuna kitu. Nilidhani nimesikia.

Acha wazi tu.

*

Baba alifariki kesho yake asubuhi, tukamzika kabla ya magharibi kama alivyoagiza. Mdogo wangu alifika kwa basi siku ya pili baada ya mazishi. Nilitoka kumpokea begi. Hakuna aliyemwambia amechelewa. Alisema mwenyewe.